Ibn Battuta: Aliyeiona Kilwa akafika Guangzhou

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, mtaa wa Xiaobei katika mji wa Guangzhou, kusini mwa China, umejulikana kwa wafanyabiashara wa Afrika kuwa mahali pa kununulia bidhaa na kupakia makontena. Kati ya jengo la Tianxiu na uchochoro wa Baohan, Mtanzania aliyefuata vitambaa na Mkenya aliyefuata simu za mkononi wamekuwa wakikutana na Mmali, Mguinea, Myemeni na Waislamu wa China wenye migahawa ya nyama ya kondoo. Wengi hukaa wiki mbili au tatu, kisha hurejea kwao.

Wageni wa namna hii si wapya mjini humo. Kilomita chache kusini-magharibi ya Xiaobei, kandokando ya msikiti wa Huaisheng na mnara wake wa duara, ndipo ulipokuwa mtaa wa wageni wa zama za kale. Waliishi humo Waarabu, Waajemi na watu wengine wa Bahari ya Hindi, wakiwa na kadhi wao na soko lao.

Yapata mwaka 1346 alifika hapo mwanazuoni wa Morocco mwenye umri wa miaka 42. Tajiri mmoja Mwislamu alimkaribisha nyumbani kwake, akakaa siku kumi na nne. Miaka kama kumi na mitano kabla ya hapo, mtu huyohuyo alikuwa amelala Mombasa usiku mmoja na kuhudhuria mbele ya Sultani wa Kilwa. Jina lake lilikuwa Abu Abdallah Muhammad ibn Abdallah, lakini dunia inamjua kwa jina la Ibn Battuta.

Inakadiriwa kwamba alitembea kilomita zipatazo 120,000 katika muda wa miaka karibu thelathini. Hakuna msafiri mwingine wa zama zake anayejulikana kuwa alimkaribia. Wachoraji wa siku hizi humwonyesha akiwa peke yake, kilemba kichwani na fimbo mkononi, akiutazama upeo wa jangwa. Picha hiyo inapendeza, ila inapotosha. Ibn Battuta alikuwa msafiri wa kundi. Alikwenda na misafara ya mahujaji, majahazi ya wafanyabiashara na mabalozi wa wafalme, na kila alipofika alitafuta mlango wa mtu wa dini yake. Jambo hilo ndilo lililomwezesha kufika mbali kiasi hicho. Ndilo pia lililomzuia kuona baadhi ya mambo yaliyokuwa mbele ya macho yake.

Machozi ya Tunis

Alizaliwa Tangier tarehe 24 Februari 1304, katika ukoo wa makadhi wa madhehebu ya Maliki wenye asili ya Kiberiberi. Alisomea sheria kama ilivyotarajiwa, na lau angebaki kwao huenda angekuwa kadhi wa mji mdogo, asijulikane na mtu nje ya kaburi lake.

Tarehe 14 Juni 1325, akiwa na umri wa miaka 21, aliwaaga wazazi wake waliokuwa hai wote wawili na kushika njia ya Makka. Aliondoka bila mwenzi wala msafara, na hiyo ilikuwa mojawapo ya safari chache alizozianza peke yake. Haikuchukua muda akajiunga na wasafiri wengine. Njiani, katika nchi ambayo leo ni Algeria, alishikwa na homa kali. Alikataa kubaki nyuma, akajifunga kwenye tandiko kwa kitambaa cha kilemba ili asianguke.

Walipoingia Tunis, watu wa mji walitoka kuwalaki wenyeji wao na marafiki zao. Yeye hakuwa na wa kumlaki, na hakuna aliyemsalimu. Kijana wa watu alilia hadharani, mpaka hujaji mmoja alipotambua hali yake, akamsogelea na kumliwaza. Tukio hilo ni dogo, lakini aliyelia siku ile alilikumbuka miaka thelathini baadaye alipokuwa akisimulia maisha yake, na yafaa likumbukwe na kila anayemdhania kuwa shujaa asiyehitaji watu.

Alipotoka Tunis hakuwa tena mgeni asiye na jina. Msafara wa mahujaji ulimteua kuwa kadhi wake. Njiani alioa binti wa mmoja wa wasafiri, akakosana na mkwewe, akamwacha mke huyo na kuoa mwingine kabla hata ya kufika Misri. Ndoa za namna hiyo zilimfuata maisha yake yote. Katika miji mingi alioa, akaacha, akaendelea na safari, na katika baadhi ya miji hiyo aliacha watoto.

Huko Alexandria, mwaka 1326, alikutana na shekhe mmoja mcha Mungu aliyemtabiria kwamba atafika Bara Hindi na China, akamtaka awafikishie salamu ndugu zake walioko huko. Ibn Battuta anasema kwamba wazo la kufika nchi hizo halikuwa limemjia kabla ya siku hiyo, na kwamba salamu hizo alizifikisha zote.

Aliifikia Makka pamoja na msafara wa Damascus, akahiji, kisha akaondoka na msafara wa Iraq. Maelezo yake ya msafara huo wa pili yanastahili kusomwa na yeyote aliyewahi kupanda basi la watalii. Umati ulikuwa mkubwa kiasi kwamba aliufananisha na bahari yenye mawimbi. Walikuwapo ngamia wa kubeba maji kwa ajili ya maskini, na wengine wa kuwabeba waliochoka. Chakula kilipikwa katika masufuria makubwa ya shaba, wasio na kitu wakapewa. Usiku walitembea kwa mwanga wa mienge, hata jangwa likang'aa. Aliyejiunga na msafara kama huo alilindwa, alilishwa na aliongozwa, lakini alisimama pale tu ambapo msafara ulisimama.

Kaskazi hadi Kilwa

Baada ya kukaa Makka kwa muda akisoma, alishuka Bahari ya Shamu hadi Yemen. Kutoka Aden, yapata mwaka 1331, alipanda jahazi lililokuwa likielekea kusini kwa upepo wa kaskazi. Zeila hakuipenda. Harufu ya samaki na ya ngamia waliochinjwa vichochoroni ilimfanya alale chomboni ingawa bahari ilikuwa imechafuka.

Mogadishu ilimpokea vingine. Ulikuwa mji mkubwa wa wafanyabiashara, wenye desturi yake ya kupokea vyombo. Vijana walitoka kwa mashua, kila mmoja akiwa na sahani ya chakula iliyofunikwa, na kila mmoja alimpa mfanyabiashara mmoja, ambaye tangu hapo alikuwa mgeni wa nyumba yake. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia mgeni wake mali na kumnunulia mahitaji. Wafanyabiashara wa leo waliowahi kupokewa na wakala katika mji wasioujua lugha yake hawatashangaa.

Ibn Battuta, kwa kuwa hakuwa mfanyabiashara, alipelekwa kwa kadhi, na Sultani akamletea tambuu na popoo. Chakula alichoandaliwa alikieleza kwa ufasaha wa mtu aliyeshiba vizuri: wali wa samli, mchuzi wa kuku, nyama na samaki, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, pilipili, tangawizi na maembe. Yeyote aliyekulia katika pwani ya Afrika Mashariki anaweza kuitambua sinia hiyo bila kuelezwa, ingawa imepita karibu miaka mia saba.

Mombasa alilala usiku mmoja tu. Aliona kisiwa chenye migomba, milimau na mizambarau, kisicholima nafaka na kuletewa chakula kutoka bara. Watu wake aliwaona kuwa wema na wenye dini. Misikiti ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi, na mlangoni pa kila mmoja palikuwa na kisima kifupi, maji yakitekwa kwa kata ya mti yenye mpini. Aliyeingia alinawa miguu kwanza.

Kisha Kilwa. Aliihesabu kuwa miongoni mwa miji mizuri kuliko yote, akaeleza kuwa majengo yake ni ya mbao na mapaa yake ni ya makuti. Hapo wanaakiolojia wana la kusema. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, uliojengwa kwa mawe, ulikuwa umesimama muda mrefu kabla ya ziara yake. Katika miaka hiyohiyo, Sultani aliyemkuta madarakani, Hassan bin Suleiman, alikuwa amejenga au alikuwa akijenga Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya mia moja juu ya mwamba wa bahari, lenye birika la kuogea la pembe nane. Ibn Battuta halitaji. Huenda nyumba nyingi za raia zilikuwa za mbao na miti kama alivyosema. Huenda kumbukumbu ilimpungukia, kwani alisimulia haya baada ya miaka zaidi ya ishirini.

Alichokikumbuka vizuri ni ukarimu. Sultani huyo aliitwa Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa. Siku moja baada ya sala ya Ijumaa, fukara wa Yemen alimsimamisha njiani akaomba nguo alizovaa. Sultani aliingia msikitini, akavaa nyingine, akampa zile. Watu walimsifu mno. Mwanawe alizichukua nguo kutoka kwa fukara na kumpa watumwa kumi badala yake, na Sultani akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Msomaji wa leo hawezi kupita hapo haraka kama alivyopita msimulizi. Watumwa hao hawakutoka hewani. Ibn Battuta mwenyewe anaeleza kuwa Sultani alizishambulia mara kwa mara nchi za bara na kuchukua mateka, kisha kutenga sehemu ya tano ya ngawira kwa ajili ya masharifu. Analiweka hilo katika orodha ya wema wake. Yeye naye alimiliki watumwa, aliwanunua, aliwapokea kama zawadi na kuwagawa. Bara la pwani ile, na watu wake, halimo katika maelezo yake isipokuwa kama mahali pa vita na chanzo cha dhahabu ya Sofala, aliyosimuliwa na mfanyabiashara mmoja. Hakukanyaga huko. Jahazi lilimfikisha kisiwani, na upepo wa kusi ulipoanza kuvuma ukamrudisha Uarabuni, kwenye pwani ya Dhofar na Oman.

Ubalozi ulioharibika

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mzunguko mrefu. Alipita Anatolia, Crimea na nchi ya Uzbeg Khan, akaingia Constantinople akiwa katika msafara wa mke wa mfalme huyo, akavuka Asia ya Kati, na mnamo Septemba 1333 akaufikia mto Indus. Sultani wa Delhi, Muhammad bin Tughluq, aliwapenda wageni wenye elimu na kuwalipa vizuri. Alimfanya Ibn Battuta kadhi wa mji wake kwa mshahara wa dinari 12,000 kwa mwaka. Mtawala huyo aligawa zawadi asubuhi na kuua watu mchana, na kadhi wake aliishi kati ya anasa na hofu.

Nafasi ya kutoka ilikuja mwaka 1342. Mfalme wa China wa ukoo wa Yuan alikuwa amepeleka wajumbe Delhi, na Tughluq akamteua Ibn Battuta kurudi nao akiwa balozi, na zawadi za farasi mia moja, watumwa wengi, vitambaa na vyombo vya thamani. Karibu na Aligarh msafara ulishambuliwa. Balozi alitekwa, akaponea chupuchupu, akatangatanga siku kadhaa bila viatu.

Huko Calicut aliziona merikebu za China zikiwa kumi na tatu bandarini. Kubwa zao, anasema, zilibeba watu elfu moja na zilikuwa na vyumba vya faragha. Dhoruba ilivunja ile iliyopakia zawadi, yeye akiwa pwani akiswali Ijumaa. Chombo cha pili, kilichokuwa na mali yake na mjakazi wake mjamzito, kiling'oa nanga bila yeye. Baadaye alipata habari kwamba mjakazi huyo alifariki.

Balozi asiye na zawadi hakuthubutu kurejea Delhi. Aliingia Maldives, akawa kadhi huko, akaoa katika nyumba za wakubwa, akajiingiza katika siasa na kulazimika kuondoka. Alipita Ceylon, Bengal na Sumatra, na hatimaye, miaka minne hivi baada ya kuagwa Delhi, alishuka Quanzhou katika pwani ya China, mji alioujua kwa jina la Zaitun.

Majina yaliyoandikwa kila jioni

Kutoka Quanzhou alipelekwa Guangzhou kwa njia ya mto, safari ya siku 27 kwa hesabu yake. Mji huo yeye na Waarabu wenzake waliuita Sin Kalan. Alistaajabia masoko yake, hasa soko la vyombo vya kauri vilivyosafirishwa hadi Bara Hindi na hata kwao Morocco.

Angeweza kuongeza Kilwa. Katika miaka ya 1960, Neville Chittick alipochimbua magofu ya Kilwa Kisiwani, alipata vipande vingi vya vyombo vya China, na katika Husuni Kubwa kilipatikana chombo cha kauri cha enzi hiyohiyo ya Yuan. Vibakuli vya China vilipachikwa pia katika kuta za misikiti na makaburi ya pwani. Ibn Battuta alikuwa miongoni mwa watu wachache mno wa karne yake waliozitembelea ncha zote mbili za biashara hiyo na kuacha maelezo, lakini hakuziunganisha.

Alieleza hekalu kubwa lenye nyumba za kuwatunza vipofu, walemavu, wazee na yatima. Alieleza mtaa wa Waislamu, wenye msikiti wa Ijumaa, zawia, soko na kadhi. Mwenyeji wake, Awhad al-Din wa Sinjar, alikuwa tajiri, na kila siku kadhi na Waislamu wengine walimletea mgeni zawadi. Nje ya mji alisema alimtembelea mzee wa pangoni aliyesifiwa kuwa na zaidi ya miaka mia mbili. Hilo kila msomaji atalipima mwenyewe.

Kilichomvutia zaidi ni utaratibu wa kuwapokea wasafiri. China, kwa maoni yake, ilikuwa nchi salama kuliko zote kwa mgeni. Mtu aliweza kutembea miezi tisa na mali nyingi bila hofu. Katika kila kituo palikuwa na nyumba ya wageni yenye msimamizi na askari. Baada ya jua kuchwa, msimamizi alikuja na karani wake, akaandika majina ya wote waliolala humo, akapiga muhuri na kufunga mlango. Asubuhi alirudi, akaita jina moja baada ya jingine, akaandika hati, na kumtuma mtu wa kuwafikisha kituo cha mbele na kurudi na uthibitisho kwamba wote wamewasili. Kiongozi wa watalii anayehesabu vichwa kabla ya basi kuondoka anafanya kazi ileile, pasipo askari.

Katika mji mwingine alipita na wenzake kwenye soko la wachoraji, wakiwa wamevaa mavazi ya Iraq. Jioni waliporudi walikuta sura zao zimechorwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. Aliambiwa kwamba kila mgeni huchorwa, ili akifanya kosa na kutoroka, picha yake isambazwe na akamatwe popote. Ibn Battuta aliusifu ustadi wa wachoraji, wala halalamiki kwamba alichorwa pasipo kuulizwa.

Mgeni anayeingia Guangzhou katika karne hii anaijua hali hiyo vizuri. Sheria inamtaka aandikishwe katika muda wa saa 24, ama na hoteli au kituo cha polisi, na pasipoti yake hukaguliwa mara nyingi. Utaratibu ulioleta usalama kwa mmoja unaweza kuwa mzigo kwa mwingine. Mnamo Aprili 2020, wakati wa janga la Uviko-19, Waafrika kadhaa mjini humo walitolewa katika nyumba na hoteli, wengine wakalala nje, hata mabalozi wa Afrika walioko Beijing wakawasilisha malalamiko. Idadi ya Waafrika katika Xiaobei, iliyokuwa imeanza kupungua kabla ya hapo, ilishuka sana.

Ndani ya nyumba

Pamoja na sifa zote alizoimwagia China, Ibn Battuta hakuipenda. Anakiri kwamba moyo wake ulisononeka kwa kuwa watu wake hawakuwa wa dini yake. Alipotoka nyumbani aliona mambo ya kumchukiza, basi akakaa ndani, asitoke ila kwa haja. Alipokutana na Mwislamu ilikuwa kana kwamba amekutana na ndugu wa damu.

Siku moja, katika mji mwingine wa nchi hiyo, aliletewa mgeni wa heshima, mwanasheria tajiri. Katika mazungumzo alimtazama kwa muda mrefu, na ilidhihirika kwamba mtu huyo ni wa Ceuta, bandari iliyo jirani kabisa na Tangier, na kwamba walikwisha kuonana Delhi zamani. Watu wazima wawili walilia. Miaka michache baadaye, huko Sijilmasa kwenye ukingo wa Sahara, alifikia kwa ndugu wa mtu huyohuyo. Umbali uliowatenga ndugu hao wawili ulimshangaza hata yeye.

Kukaa kwake ndani kunaeleza mengi. Sura za China ndizo dhaifu kuliko zote katika simulizi lake, na ndizo zilizotiliwa mashaka zaidi. Anadai kwamba alifika hadi Beijing na kushuhudia mazishi ya mfalme aliyeuawa vitani. Lakini Toghon Temür, mfalme wa Yuan wa wakati huo, alitawala tangu 1333 hadi 1368 na kufariki mwaka 1370. Muda wa safari nao hautoshi. Baadhi ya wataalamu wamefika mahali pa kusema hakuikanyaga China kamwe. Wengine wengi wanakubali Quanzhou na Guangzhou, na kuyaona ya kaskazini kuwa ni mambo aliyosimuliwa na wenyeji wake.

Hata Guangzhou ina kitendawili chake. Jiwe lenye maandishi ya Kichina na Kiarabu lililowekwa katika msikiti wa Huaisheng mwaka 1350 linaeleza kwamba jengo liliteketea kwa moto mwaka 1343, likajengwa upya. Aliyefika mwaka 1346 alipaswa kukuta magofu au ujenzi. Ibn Battuta anataja msikiti wa Ijumaa, hasemi neno juu ya moto. Ukimya huo hauthibitishi kwamba hakufika, kwani alikwisha kulikosa jumba zima la Husuni Kubwa, ingawa aliifika Kilwa. Mwenye kutazama nchi kutoka sebuleni kwa mwenyeji wake huona yale mwenyeji anayotaka ayaone.

Waliobaki nyuma

Alianza kurudi mwaka uliofuata. Alipofika Damascus mwaka 1348 aliulizia habari za mwanawe. Miaka zaidi ya ishirini kabla ya hapo alimwacha mke mjini humo akiwa mjamzito. Akiwa Bara Hindi aliarifiwa kwamba amezaa mtoto wa kiume, akapeleka dinari arobaini za dhahabu. Sasa aliambiwa kwamba mtoto huyo alifariki miaka kumi na miwili iliyopita. Mji huohuo alikutana na mwanazuoni wa Tangier aliyempa habari kwamba baba yake alifariki miaka kumi na mitano iliyopita, ila mama yake bado yu hai.

Ulikuwa mwaka wa tauni kuu. Damascus, anasema, ilizika watu 2,400 kwa siku moja. Alipitia tena Makka, akahiji, kisha akaelekea magharibi. Mwaka 1349, akiwa amebakiza mwendo wa siku chache kufika Fez, aliambiwa kwamba mama yake naye amefariki kwa tauni. Alifika Tangier kuzuru kaburi.

Hakutulia kwa muda mrefu. Alivuka kwenda Granada, kisha mwaka 1352 akakata Sahara na msafara hadi Mali, mpaka Sultani Abu Inan alipompelekea amri ya kurejea. Huko Fez alimsimulia mwandishi kijana, Ibn Juzayy, yote aliyoyakumbuka. Usimulizi ulimalizika Desemba 1355. Ibn Juzayy alipamba lugha, akatia mashairi, na palipopungua akachota kutoka kwa wasafiri wa kale, hasa Ibn Jubayr, bila kusema. Alifariki muda mfupi baadaye.

Wakubwa wa Fez hawakuamini. Ibn Khaldun, aliyekuwa huko wakati huo, anaeleza kwamba watu walinong'ona kuwa mzee huyu ni mwongo. Ibn Battuta alipewa kazi ya ukadhi katika mji wa Morocco, kazi ileile ambayo angeipata bila kutoka kwao. Alifariki mwaka 1368 au 1369, ingawa wapo wanaotaja 1377. Ulaya haikumjua sawasawa hadi baada ya nakala za kitabu chake kupatikana Algeria katika karne ya 19. Wafaransa Defrémery na Sanguinetti waliichapa kati ya 1853 na 1858, Kiarabu pamoja na Kifaransa.

Leo uwanja wa ndege wa Tangier una jina lake. Huko Dubai, mwaka 2005, lilifunguliwa jumba kubwa la maduka lililopewa jina lake, lililogawanywa katika sehemu sita kwa kufuata safari zake: Andalusia, Tunisia, Misri, Uajemi, Bara Hindi na China. Sehemu ya China imewekewa merikebu kama zile alizoziona Calicut. Mogadishu, Mombasa na Kilwa hazimo.